Mbotela: Sauti ya Uwanjani na Safari ya Neno "Ungwana"

Frere Town, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, iliasisiwa mwaka 1875 na wamisionari wa Church Missionary Society ili iwe makao ya watumwa waliokombolewa. Huko ndiko iliko asili ya jamii ya Mbotela, iliyomtoa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934), na baadaye Leonard Mambo Mbotela (1940-2025), ambaye sauti yake ilisikika nchini Kenya kwa zaidi ya nusu karne.

Alijiunga na utangazaji mwaka 1964, mwaka ambao shirika lilitwaliwa na serikali na kuitwa Sauti ya Kenya. Umaarufu wake wa kwanza ulikuwa wa mpira. Mtazamaji wa televisheni huuona mpira mwenyewe. Msikilizaji wa redio huona kile tu alichopewa kwa maneno. Kwa kazi hii Kiswahili kina nyenzo nzuri na mtego mmoja. Kitenzi kama "anampokonya" kinabeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pumzi moja, ila wachezaji wote 22, pamoja na mwamuzi, ni wa ngeli moja. Jina lisipofuata upesi, msikilizaji hajui nani kampokonya nani. Mpira peke yake hujipambanua kwa kiambishi chake: "unatoka", "unarudi". Aliyewahi kusikiliza pambano redioni atakubali kwamba ufundi wa mtangazaji umo zaidi katika kuyapanga majina kuliko katika kupaza sauti. Golikipa, kona na penalti ziliingia kutoka Kiingereza bila ugomvi mkubwa. Chenga na mkwaju zilikaa kando yake.

Imani iliyojengwa uwanjani ndiyo iliyomponza. Tarehe 1 Agosti 1982 askari waasi wa jeshi la anga, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walimtoa nyumbani kwake na kumlazimisha kutangaza kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Walikuwa na bunduki na kituo chenyewe. Walichokosa ni sauti ambayo wananchi wangeiamini. Siku hiyo hiyo, baada ya askari watiifu kukikomboa kituo, sauti ile ile ilitangaza kwamba serikali ingali madarakani. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa tofauti iliyopo kati ya msemaji na mwenye maneno.

Hata hivyo, mchango wake mkubwa kwa lugha umo katika kipindi "Je, Huu ni Ungwana?", kilichoanza mwaka 1966. Katika pwani ya kale mwungwana alikuwa mtu huru wa kuzaliwa, kinyume cha mtumwa. Kamusi ya Johnson ya 1939 ingali inaitaja maana hiyo. Mbotela, mzao wa Frere Town, alilichukua neno lililowatenga wazee wake akaligeuza kipimo cha adabu za kila siku, ambacho kwacho hata mwenye nasaba ndefu aliweza kupungukiwa. Wakenya wengi wa bara hawalijui ila kwa maana hii.

Kustaafu kwake katika utumishi wa umma hakukumwondoa hewani. Kipindi kiliendelea, na swali likabaki lile lile. Alifariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84.