Jiko Lililopimwa kwa Saa

Fundi wa kabati za jikoni akifika kupima, huvuta tepu ukutani kabla hajamaliza chai aliyokaribishwa. Anahesabu mita, maana kabati siku hizi huuzwa kwa mita ya urefu. Kisha anauliza: juu tuweke granaiti au marumaru? Milango iwe ya MDF au ya mbao? Bei inatokea hapo. Nimesimama na mafundi hao kwenye nyumba za ndugu na marafiki Goba, Madale na Kibaha, na sijamsikia hata mmoja akiuliza nani atapika humo, wapishi watakuwa wangapi, watapika nini, na kwa moto gani.

Matokeo yake tunayajua sote. Ndani kuna jiko linalong'aa ambalo wageni huonyeshwa. Nyuma ya nyumba, chini ya mabati mawili yaliyoegeshwa ukutani, ndiko maharage yanakochemka tangu asubuhi. Jiko la ndani limemeza akiba ya miaka. La nje halikutengewa hata mfuko mmoja wa saruji. Nyumba ni moja na chakula ni kimoja, lakini jiko moja ni la kuonyeshwa na jingine ni la kufichwa.

Hilo la kuonyeshwa lina mahali lilikozaliwa na mwaka wake. Ni Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza miji ya Ujerumani ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba. Frankfurt ilimkabidhi kazi ya ujenzi msanifu majengo Ernst May kuanzia mwaka 1925, naye akakusanya vijana wa kumsaidia. Mmoja wao alikuwa Margarete Schütte-Lihotzky kutoka Austria, aliyezaliwa mwaka 1897. Alipewa jukumu la kubuni jiko dogo, la bei nafuu, litakaloweza kurudiwa katika maelfu ya nyumba za wafanyakazi.

Schütte-Lihotzky alikuwa amesoma kitabu cha Mmarekani Christine Frederick, kilichotafsiriwa kwa Kijerumani miaka ya mwanzo ya 1920. Frederick alichukua utaratibu wa viwandani, ule wa kumpima mfanyakazi kwa saa na kuhesabu miondoko yake, akauingiza nyumbani. Mama anatembea hatua ngapi kutoka kwenye moto hadi kwenye sinki? Anainama mara ngapi kutafuta sufuria? Msanifu wa Frankfurt alifanya vivyo hivyo. Alitazama pia jiko la behewa la chakula kwenye treni, ambako mpishi hulisha abiria wengi akiwa amesimama kwenye upenyo tu.

Lililotoka humo ni chumba chembamba chenye upana wa mita 1.9 hivi na urefu wa mita 3.4. Kila kitu kilikuwa na mahali pake palipojengewa: meza ya kukatia chini ya dirisha, kiti cha kuzunguka, kichanja cha vyombo kuchuruzika maji, ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani, taa inayosogezwa kwenye reli darini. Kulikuwa na vidroo vya aluminiamu vyenye mdomo wa kumiminia sukari, mchele na dengu. Unga uliwekwa kwenye droo za mti wa mwaloni, kwa sababu mti huo hufukuza wadudu. Milango ilipakwa rangi ya buluu iliyokaribia kijani, kwa imani kwamba nzi hawaipendi. Kulikuwa hata na sanduku la kuhifadhi joto, ambamo chungu kilichokwisha kuchemka hufunikwa kiendelee kuiva bila moto. Huku kwetu watu wanaofundisha kupika kwa kikapu chenye matambara wanafuata kanuni hiyohiyo.

Majiko kama hayo yalijengwa yapata 10,000. Mtaa wa Römerstadt ulifungwa umeme nyumba zote, majiko yakiwemo, jambo lililokuwa geni kabisa kwa Ujerumani ya wakati huo. Na wapangaji wakaanza kulalamikia gharama za umeme. Anayepika kwa luku leo anaelewa malalamiko hayo bila kufafanuliwa.

Tatizo kubwa zaidi lilijificha kwenye vipimo. Chumba kile kilimtosha mtu mmoja. Mama na bintiye wakiingia pamoja waligongana viwiko. Mwanamke alipunguziwa hatua, ila alibaki peke yake na kuta. Miaka ya 1970 watetezi wa haki za wanawake huko Ulaya walilishutumu jiko hilo kwa sababu hiyo hasa, nami naona walikuwa na haki. Aliyelibuni alikuwa na nia njema: alitaka mwanamke amalize kazi za nyumbani mapema apate muda wa kazi yake, kusoma na kupumzika. Naye mwenyewe alikiri uzeeni kwamba alipolibuni hakuwa mpishi.

Sasa historia inatugusa wenyewe. Mwaka 1930 May aliondoka Frankfurt na kundi lake, Schütte-Lihotzky akiwemo, kwenda kujenga miji katika Umoja wa Kisovieti. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, May hakuweza kurudi kwao. Alikuja Tanganyika. Mtu aliyesimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba akawa mkulima kaskazini mwa nchi, kisha akafungua ofisi ya usanifu Nairobi. Ndiye aliyechora mpango wa upanuzi wa Kampala, upande wa Kololo na Naguru, miaka ya 1940. Ndiye aliyechora Hoteli ya Oceanic, Mombasa. Aliishi Afrika Mashariki takriban miaka 20 hadi aliporejea Ujerumani. Schütte-Lihotzky alipita njia nyingine: alijiunga na harakati za kuwapinga Wanazi, akakamatwa Vienna mwaka 1941, akafungwa hadi vita vilipokwisha mwaka 1945. Alifariki mwaka 2000, zikiwa zimebaki siku tano atimize miaka 103.

Ajabu ni kwamba katika miaka ambayo May aliishi huku, jiko la Frankfurt halikuwa na nafasi, hata kwa Wazungu. Nyumba nyingi za maofisa wa kikoloni zilijengewa jiko nje, pengine likiunganishwa na nyumba kwa ujia wenye paa. Bibi wa nyumba hakupika. Alipika mtumishi wa Kiafrika, aliyeitwa boi hata akiwa na wajukuu. Hatua zake hakuna aliyezihesabu kwa saa.

Nasi tulikuwa na jiko letu, lenye mpango wake. Katika nyumba za mawe za Lamu, jiko lilikaa juu kabisa, darini, chini ya makuti, moshi ukachukuliwa na upepo wa bahari. Katika nyumba ya Kiswahili iliyoenea Kariakoo, Ilala na miji mingi ya bara, mbele ni baraza, katikati ukumbi wenye vyumba huku na huku, na nyuma ni uani. Huko uani ndiko kuliko na jiko, choo, bafu na kisima au bomba. Baraza la wanaume, ua wa wanawake: mtu anaweza kuupenda mgawanyo huo au asiupende, lakini hakuna aliyepika peke yake. Mmoja ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, mwingine anapepeta mchele kwa ungo, wa tatu yuko kwenye kinu, na mtoto ametumwa chumvi kwa jirani. Habari za mtaa zilisikika hapo kwanza kabla hazijafika barazani.

Lugha yenyewe inasimulia. Jiko ni moto wenyewe, ni chombo cha kuwekea moto, ni chumba. Kijana akioa, watu husema amepata jiko. Neno hilo linamtaja mke kwa kazi yake, na hapo ndipo penye kidonda: mambo ya jikoni yalihesabiwa kuwa ya mwanamke, na fedha ya kujenga ikabaki mikononi mwa mwanamume. Kwa hiyo sebule ilijengwa kwanza na jiko likasubiri.

Miaka ya 1980 lilikuja badiliko dogo lililogusa mamilioni. Kutoka Kenya lilienea jiko la mkaa lenye kiuno chembamba, bati kwa nje na udongo wa kuchomwa kwa ndani, lililotokana na majiko ya Thailand. Lilitumia mkaa kidogo kuliko la bati tupu na mafundi wa mitaani waliweza kulitengeneza wenyewe. Jiko likawa kitu cha kubeba mkononi: mvua ikinyesha linaingizwa kibarazani, jua likitoka linarudi uani. Chumba cha jiko kikapoteza umuhimu, na wapangaji wa chumba kimoja wakapikia mlangoni.

Wakati huohuo jiko la Frankfurt lilikuwa limevuka bahari na kunenepa. Marekani, kwenye vitongoji vilivyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, liliongezewa friji kubwa, mashine na madirisha, likawa fahari ya nyumba. Mwaka 1959, kwenye maonyesho ya Marekani mjini Moscow, Makamu wa Rais wa Marekani Richard Nixon na kiongozi wa Umoja wa Kisovieti Nikita Khrushchev walibishana kuhusu ubora wa mifumo yao wakiwa wamesimama mbele ya jiko. Baadaye kuta za jiko zikavunjwa ili lionekane kutoka sebuleni, na mawe ya granaiti yakatandazwa juu ya kabati. Picha hizo tulizipokea kwa sinema, kwa majarida, kisha kwa simu. Biashara ya kuagiza bidhaa ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na viwanja vya pembezoni mwa Dar es Salaam vilipoanza kujaa, jiko la ndani lenye kabati likawa alama ya mtu aliyejenga.

Hapa ndipo gharama zinapouma, nami nina neno na kila anayejenga.

Wengi tunajenga kidogo kidogo: kiwanja, msingi, boma, kupaua, madirisha, kuhamia. Kabati za jikoni huja mwisho, mfuko ukiwa umechoka, na ndipo mtu anapochagua vya rahisi ndani na vya kupendeza nje. Granaiti inaonekana; bawaba, reli za droo na bomba la maji machafu hazionekani. Mbao za unga, MDF na nyinginezo, hazipendi maji. Kwenye unyevu wa pwani, kabati la chini ya sinki ndilo hufa kwanza: bomba linadondosha kidogo, ubao unavimba kama mkate uliolowa, mlango unakataa kufunga. Kwangu mimi lilikufa baada ya masika mawili. Ningejua, ningejenga kuta fupi za tofali chini ya sinki, nipige marumaru, niweke milango tu. Ni gharama ndogo, na tofali halivimbi.

Kimo nacho tunakipokea bila kuhoji. Kabati la chini huja na kimo cha sentimita 85 hadi 90, kipimo cha mtu anayesimama kukata mboga na kukaanga yai. Weka juu yake jiko la gesi la mezani, kisha sufuria ya ugali wa watu wanane. Mdomo wa sufuria umefika kifuani. Kusonga ugali kunataka mkono ushuke kwa nguvu na mgongo usaidie. Ukiwa umeinua viwiko huwezi. Ndiyo maana dada wa kazi huteremsha sufuria sakafuni au hurudi nje kwenye mkaa. Tunamlaumu kwamba hataki kutumia jiko la kisasa, kumbe jiko ndilo halikupimwa kwa ugali. Mwambie fundi ashushe sehemu moja ya meza hadi sentimita 60 au 65, ya kuwekea jiko la kusongea. Hilo halimwongezei mtu hata robo ya mita.

Sisemi turudi kwenye mafiga na moshi. Moshi unaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wanaovuta moshi huo zaidi ni mama na mtoto aliye mgongoni. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Lengo hilo haliwezi kufikiwa na mtungi wa gesi unaokaa kama pambo chini ya granaiti huku chakula chenyewe kikipikwa kwa mkaa nyuma ya nyumba. Gesi inapaswa kufika mahali watu wanapopika kweli.

Kwa hiyo ombi langu kwako unayejenga mwaka huu ni hili. Kabla ya kumwita fundi wa kabati, waite wanaopika, waulize, na uwape karatasi wachore. Kisha ianze bajeti uani: paa la juu linalotoa moshi, ukuta wa kiunoni unaopitisha upepo, sakafu yenye mteremko wa maji, sinki kubwa la masufuria, meza ya chini ya jiko la gesi, benchi la watu watatu, na taa. Jikoni ndani weka sinki, jiko dogo na rafu chache. Itakayobaki, kama itabaki, nunua granaiti.