Tino na Samatta

Mwese kuna baridi, na betri za redio huchoka upesi. Mwaka 1979 tulizianika juani tangu asubuhi ili zitufikishe mwisho wa mchezo wa Ndola. Zambia walitangulia kufunga, kisha Peter Tino akasawazisha. Sare ile ya 1-1 ilitupeleka katika fainali za Kombe la Mataifa Huru ya Afrika za mwaka 1980 huko Nigeria. Watu wazima walikumbatiana uwanjani kwetu kama watoto.

Tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba hakuna mshambuliaji wetu aliyempita Tino. Mpwa wangu hakubali. Yeye ana Mbwana Samatta: Mchezaji Bora wa Afrika wa mwaka 2015 kwa wanaocheza ndani ya bara, bingwa wa Ubelgiji akiwa na Genk mwaka 2019, na mfungaji wa bao la Aston Villa dhidi ya Manchester City pale Wembley, Machi 1, 2020.

Mimi humjibu kwa hesabu. Mwaka 1980 fainali zilikuwa na timu 8 tu; tuliporudi mwaka 2019, baada ya miaka 39, zilikuwa 24. Mlango wa Tino ulikuwa mwembamba zaidi. Tena kule Nigeria tuliambulia sare na Ivory Coast, ilhali Misri 2019 tulifungwa michezo yote mitatu.

Jioni moja mpwa wangu akaniuliza kwa adabu, "Mjomba, bao lile la Ndola alilifunga kwa mguu gani?"

Nikanyamaza. Ndugu msomaji, sikuwahi kuliona. Nililolisikia ni sauti ya mtangazaji na kelele za uwanja. Mengine yote nilijichorea mwenyewe, nikayapamba kwa miaka zaidi ya arobaini. Yeye Samatta amemwona kwa macho, pamoja na mipira aliyokosa. Tino wangu hajapata kukosa hata mmoja.

Hapo nikatambua kuwa sikuwa nikiwapima wachezaji wawili. Nilipima ujana wangu kwa kijana wa watu, nao ujana siku zote hushinda ugenini na nyumbani.

Bado namtaja Tino kwanza. Ila siku hizi bao la Samatta likionyeshwa, nasogeza kigoda karibu, nitazame alivyoruka.