Datsun 240Z: Kwa Nini Ndinga Hii Haitaki Rimu za Inchi 19

Kuna gari ambayo picha yake ikitokea kwenye simu lazima kidole kisimame. Boneti ndefu, taa zimezama ndani, mgongo unateremka taratibu mpaka nyuma. Ni Datsun 240Z. Halafu macho yanashuka chini yanakuta rimu za inchi 19 zinazong'aa, na tairi lenye shavu fupi kama mkanda wa suruali. Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wengine wanasema ni moto, wengine wanasema gari imeharibiwa.

Ubishi huo una historia ya zaidi ya miaka 50, na sehemu tamu ya historia hiyo imepita kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki.

Ilivyotoka kiwandani

Nissan waliizindua gari hii mwaka 1969. Nyumbani Japani iliitwa Fairlady Z, na Marekani ikaingia kama Datsun 240Z kwa bei ya kuanzia dola 3,526. Kwa pesa hiyo mtu alipata injini ya lita 2.4 yenye silinda sita, gari yenye uzito wa takriban tani moja, na spidi inayokaribia kilomita 200 kwa saa. Magari ya spoti ya Ulaya yenye uwezo wa namna hiyo yalikuwa ya watu wenye hela ndefu.

Sasa angalia miguu yake. Rimu zilikuwa za chuma, inchi 14 kwa kimo, na upana wake inchi 4.5 tu. Tairi lilikuwa 175 R14. Kwa macho ya leo hicho ni kiatu cha gari ya kwenda sokoni, lakini wahandisi hawakuwa wakibana matumizi tu. Walikuwa na hesabu yao.

Ile 175 ni upana wa tairi kwa milimita. R inamaanisha radia, yaani nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine badala ya kukatizana. Michelin wa Ufaransa ndio waliosajili hataza ya teknolojia hiyo mwaka 1946. Ile 14 ni kimo cha rimu kwa inchi. Kitu ambacho hakikuandikwa ni urefu wa shavu, kwa sababu zamani tairi lisilo na namba ya asilimia lilichukuliwa kuwa na shavu la kama asilimia 82 ya upana wake. Piga hesabu: shavu linakuja kama milimita 143, na tairi zima linasimama kama milimita 643 kutoka chini hadi juu.

Shika hiyo 643. Ndiyo namba inayoamua kila kitu hapa.

Shavu refu lilikuwa na kazi. Lilimeza mashimo kabla hayajafika kwenye shokapu. Upana mdogo ulifanya usukani uwe mwepesi, maana gari haikuwa na pawa stelingi. Na kwenye kona, tairi la namna ile lilianza kuteleza polepole, likimpa dereva taarifa mapema kabla mambo hayajaharibika.

Pasaka ya 1971

Safari Rally ilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na ilipofika miaka ya 1970 ilikuwa inaogopwa na kila kiwanda cha magari duniani. Njia yake ilikata Kenya, Uganda na Tanzania, maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na tope. Watengenezaji wa Ulaya walikuja na magari yao ya maana, wakaondoka nayo yamevutwa.

Mwaka 1971 Nissan walileta 240Z. Mjerumani mmoja aliyekuwa amefanya Kenya nyumbani kwake, na ambaye mwaka uliotangulia alishinda akiwa na Datsun 1600 SSS, alimaliza wa kwanza kwenye gari nyekundu yenye boneti nyeusi. Wa pili alikuwa kijana mzaliwa wa Kampala, naye akiwa ndani ya 240Z. Mwaka 1973 kijana huyo huyo akachukua ubingwa na 240Z baada ya kumaliza alama sawa na dereva kutoka Sweden aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Ikabidi sheria ya kutenganisha waliofungana itumike kumpata mshindi.

Angalia picha za magari yale. Hakuna rimu kubwa. Kuna tairi lenye shavu nene, na nafasi ya kutosha kati ya tairi na madigadi ili tope lipite na shokapu ifanye kazi. Gari iliyoshinda mwaka 1971 ilirudishwa Japani, na Nissan wenyewe wakaifufua mwaka 2013. Kiwanda kina heshima ya pekee kwa mashine ile, na mashine ile ilitembea kwenye mpira, si kwenye rimu.

Mambo yalipoanza kupanuka

Miaka hiyo hiyo ya 1970 dunia ya tairi ilikuwa inabadilika. Pirelli walitoa P7, tairi pana lenye shavu fupi lililozaliwa kwenye mashindano na kuishia kwenye magari ya mtaani kama Porsche 911 Turbo. Lilishika lami kuliko tairi za zamani, na kila mwenye gari ya spoti akataka kitu kinachofanana nalo.

Nissan nao walisogea, ila kwa adabu. Mrithi wake 280Z, aliyeanza kuuzwa Marekani mwaka 1975, alivalishwa 195/70 R14. Upana umeongezeka milimita 20, shavu limepungua hadi asilimia 70, lakini kimo cha tairi zima ni kama milimita 629. Tofauti na ile 643 ni asilimia mbili na kidogo. Waliongeza mshiko bila kuvuruga gari.

Japani vijana wakaenda mbali zaidi. Walishusha magari, wakaweka rimu pana za miguu minane za Watanabe, wakapanua madigadi. Muonekano ule ndio unaokopwa mpaka leo na watu ambao hawajawahi kukanyaga Tokyo. Lakini rimu nyingi za wakati ule zilikuwa za inchi 14 au 15. Hizi za 18 na 19 ni fasheni iliyokuja baadaye sana.

Hesabu ya leo

Mwenye 240Z leo ana shida ya kweli. Tairi za inchi 14 zenye uwezo wa gari ya spoti zimebaki chache na si rahisi kuzipata. Kwa hiyo kupanda inchi moja au mbili si dhambi. Dhambi ni kupanda bila kuikumbuka ile 643.

195/65 R15 inasimama milimita 634. 205/60 R15 ni 627. 225/50 R16 ni 631. Hata 225/45 R17 inafika 634. Zote zimebaki ndani ya asilimia tatu, kwa hiyo gia na mshale wa spidi havichanganyikiwi sana. Ila angalia mashavu: kwenye 15 ya kwanza limebaki kama milimita 127, kwenye 17 limeshuka hadi 101. Sasa chukua 205/40 R17, ambayo wengi huinunua kwa sababu ni bei poa. Inasimama 596 tu. Tairi linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, injini inapiga kelele barabarani, na mshale ukisema 100 ukweli ni kama 93. Shavu limebaki milimita 82. Shimo moja la mvua na rimu imepinda.

Kuna mitego mingine. 240Z ina nati nne zenye nafasi ya milimita 114.3, sawa na magari mengi ya Kijapani, kwa hiyo rimu za gari nyingine zinaweza kuingia vizuri tu kwenye nati. Tatizo ni ofseti, yaani umbali kati ya katikati ya rimu na pale inapokalia. Gari hii inataka ofseti ndogo. Rimu nyingi za magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele zina ofseti kubwa, zinaingia ndani na kugusa shokapu. Ukizitoa nje kupita kiasi, tairi linakata kwenye ukingo wa madigadi kila gari inapobonyea. Na usilazimishe tairi la 195 kwenye ile rimu ya kiwandani ya inchi 4.5, tairi la upana huo linataka rimu pana zaidi.

Halafu herufi. S kwenye tairi ni kilomita 180 kwa saa, H ni 210. Gari inayoweza kukaribia 200 haistahili S. Na kabla ya kulipa, tafuta namba nne ubavuni: 2319 inamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari ya kale hukaa gereji zaidi ya barabarani, na tairi huzeeka hata likiwa na meno mapya. Tairi la miaka 15 linalong'aa ni hatari kuliko lililolika kidogo.

Nani ameshinda ubishi?

Kwa gari ya maonyesho inayopanda lori kwenda na kurudi, inchi 19 ni uamuzi wa mwenye mali. Kwa gari inayoendeshwa, 15 yenye shavu la kueleweka ndiyo inayoibakisha 240Z kuwa 240Z, na 16 ndiyo mwisho wa busara kwa barabara za kawaida. Mpaka leo 240Z hurudi Kenya kwenye Safari Classic, mashindano ya magari ya kale yaliyoanza mwaka 2003, na hakuna anayekuja na inchi 19. Barabara iliyoipa gari hii jina bado inadai shavu nene.

Wewe je, ungevalisha inchi ngapi? Na mtaani kwako fundi anauliza ofseti, au anaangalia kama nati zimeingia tu? Dondosha maoni hapo chini.