Jando la Kubuni, Kitambulisho cha Kweli

Wasanii wenzangu wa Pwani, hebu leo tuongee. Siku hizi kila mtu anatunga kabila. Mwenye filamu fupi anatunga, mwenye katuni anatunga, mwenye gemu ya simu naye anatunga. Na kabila likishapata jina, kinachofuata lazima kiwe sherehe ya kijana kuwa mtu mzima. Sasa ziangalie hizo sherehe, zote za tumbo moja: moto mkubwa usiku, ngoma, chokaa usoni, mzee na fimbo yake, halafu kijana anaambiwa akaue simba. Akirudi na mkia, basi, ashakuwa mwanamume.

Hapo mimi huzima simu. Simba kauawa, sawa. Na kesho yake je? Huyo kijana anaamkia wapi? Mama yake anamwita jina lile lile? Nani ana haki ya kumtuma dukani na nani hana tena? Jando ambalo halibadilishi asubuhi inayofuata ni maigizo tu, na mtazamaji analisikia hilo hata kama hajui kulieleza.

Mfano ninaoupenda uko hapa hapa kwetu Kwale, kwa Wamakonde wa Makongeni, upande wa Msambweni. Wazee wao walitoka Msumbiji, wengi katika miaka ya 1930 na 1940, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, yakiwemo ya Ramisi. Watu wengi wanawajua kwa vinyago vya mpingo tu. Lakini kule Msumbiji Wamakonde wana kitu kinaitwa mapiko. Mchezaji anavaa kichwani kinyago cha mti mwepesi kama kofia ya chuma, anachungulia kupitia mdomo wa kile kinyago, na mwili wote umefunikwa nguo. Watoto wanaambiwa yule si mtu, ni mzimu. Wanakua wakimwogopa, wakimsikia tu wanakimbia.

Halafu wanaingia jandoni, na huko kumbini wanaonyeshwa. Kumbe ni mtu! Kumbe ni mjomba fulani, ni jirani. Na kuanzia siku hiyo kijana anabeba siri: yeye pia sasa ni mmoja wa wanaowatisha watoto. Watafiti walioandika habari hizi wanasema wanawake wengi walikuwa wanajua zamani, ila walijifanya hawajui. Yaani kijiji kizima kinajua na kijiji kizima kinanyamaza. Sasa hiyo ndiyo sherehe ya kuaminika! Hakuna simba hata mmoja, lakini kijana aliyelala mtoto akiogopa kinyago ameamka mlinzi wa kinyago. Kesho yake imebadilika.

Msiseme pia kwamba mila haiguswi. Wakati wa vita vya ukombozi vya FRELIMO, kuanzia 1964, nchi ya Wamakonde ilikuwa katikati ya mapambano, na mapiko yakaenda na wakati. Wachongaji walichonga hata sura za Wazungu. Mila iliyo hai huwa inatungwa upya na wenyewe, mbele ya macho ya wenyewe.

Sasa tuje kwa majirani zao, sisi Wamijikenda. Mwanahistoria Thomas Spear, katika kitabu chake cha 1978 kuhusu makaya, alikusanya masimulizi ya wazee kuhusu rika. Kwa maelezo yake, kila baada ya miaka 4 hivi kundi la vijana liliingizwa. Makundi 13 yakitimia, kama miaka 52, wote kwa pamoja walifanyiwa sherehe kubwa ya mung'aro na kuwa rika moja. Fikiria hesabu hiyo. Kuna mtu aliisubiri mung'aro mpaka akawa na wajukuu! Na ilipokufa, haikuuawa na sheria moja. Watu walitoka kwenye makaya wakatawanyika mashambani, na sherehe ya watu wote haiwezekani kama watu wote hawako pamoja. Kwa hivyo ukitunga jando lako, usiniambie tu rangi ya chokaa. Niambie mashahidi ni kina nani na wanaishi umbali gani.

Niambie pia mali inakwenda wapi. Kwa Wadigo wa zamani mtu alihesabiwa kwa ukoo wa mama, na urithi ulipita kwa mjomba. Katika jamii kama hiyo, ukimweka baba peke yake ndiye anayemkabidhi kijana mkuki, mtu wa Kwale ataguna. Mjomba yuko wapi?

Najua kuna atakayesema, "Wewe, kwani kubuni ni dhambi?" La. Hata jina "Mijikenda" lenyewe lilishika katika miaka ya 1940. Kabla ya hapo walituita "Wanyika", watu wa porini, jina la dharau. Makabila tisa yakachagua jina moja la kusimamia mbele ya serikali, na leo hakuna anayesema jina hilo ni la uongo. Limekuwa kweli kwa sababu waliolichagua walilihitaji, na waliobaki wakalikubali.

Na hapo ndipo habari ya Makongeni inaponiuma. Wamakonde walikuwa na lugha, na ngoma, na jando. Kwa mila zao kijana alikuwa ameshavuka. Lakini Kenya nayo ina jando lake, linaitwa kitambulisho. Ukifika miaka 18 unakipata, na bila hicho kadi hupigi kura, laini ya simu huandikishi kwa jina lako, akaunti ya benki hufungui. Wamakonde walikaa miongo mingi bila kukipata, kwa sababu kwenye orodha ya makabila ya Kenya hawakuwepo. Mzee mwenye wajukuu, mbele ya ofisi ya serikali, ni kama mtoto ambaye hajaingia kumbini.

Oktoba 2016 walifunga safari ya maandamano kutoka Kwale hadi Nairobi, wakapokelewa Ikulu. Februari 2017 vitambulisho vikatolewa hapa hapa Kwale, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa Pwani. Mimi niliacha chuo, ile kofia ya mahafali sikuivaa, kwa hivyo najua kidogo vile watu humwangalia aliyekosa kupita mlango uliozoeleka. Lakini mimi mlango niliuacha mwenyewe. Wao walifungiwa.

Ndiyo maana nasema kutunga kabila si mchezo mtupu. Filamu ya Black Panther ya 2018 ilitunga nchi ya Wakanda, lakini lugha waliyozungumza mle ndani ni Kixhosa cha Afrika Kusini, lugha ya watu halisi. Kila kabila la kubuni limeazima kitu kwa mtu. Ukiazima kaniki ya Kaya Kinondo au kinyago cha Makonde, ujue mwenyewe yupo, ana simu, na pengine video yako ataiona.

Kwa hivyo, msanii mwenzangu, kabla hujawasha ule moto wako wa usiku, kaa chini ujibu haya. Kijana anajua nini leo ambacho jana hakujua? Akikosea kesho, ni somo wake yupi atakayeulizwa? Anaweza kufanya nini sasa ambacho jana angekatazwa? Na yule ambaye kabila lilikataa kumwingiza, anaishi vipi pale kijijini? Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo lenye hadithi nzuri kuliko yote. Ukitaka kulijua, panda matatu ya Lungalunga, shuka Msambweni, uliza njia ya Makongeni. Wazee wapo. Salimu vizuri, kaa chini, usianze na kamera.