Chipu ya zamani haiko tena ku soko: fundi afanye nini?

Mikseri ya studio au ampli ya zamani inaweza kunyamaza juu ya chipu moja tu, kile kidude cheusi chenye miguu. Fundi akiiulizia ku soko anajibiwa: haiko, kiwanda kiliacha kuitengeneza. Lakini mashine isitupwe haraka. Mara mingi kuna chipu ingine inayoweza kushika nafasi yake.

Kwanza, je, chipu njo imekufa?

Kosa linaweza kuwa kwenye fyuzi, kondensateri iliyovimba au risasi iliyopasuka kwenye kadi. Fundi anapima voltaji kwenye mguu unaoingiza umeme wa chipu. Kama umeme haufiki pale, kubadilisha chipu ni kupoteza feza.

Kusoma namba

Herufi za mbele mara mingi zinaonyesha kiwanda, namba ya katikati inaonyesha aina, na herufi za mwisho zinaonyesha umbo. RC4558 na NJM4558 zinatoka viwanda tofauti, lakini kazi ni moja na miguu imepangwa sawasawa. Kwa hiyo fundi atafute "4558", asishikilie herufi za mbele. Namba ingine ya tarakimu nne inaweza kuwa tarehe tu: 8523 ni wiki ya 23 ya mwaka 1985. Wengi wanaichukua kuwa jina la chipu na kurudi mikono mitupu.

Mbadala si pacha

Mahali pa 4558, ndani ya mikseri, TL072 au NE5532 zinaingia kwa miguu ile ile nane. Tofauti ni kwamba NE5532 inakula umeme zaidi, na hilo ni jambo kubwa kwa mashine inayotumia batri.

Kwa ampli, TDA2030 yenye miguu mitano inaweza kubadilishwa na LM1875. TDA2030 haipashwi kupita volti 36 kwa jumla, lakini LM1875 inafika 60. Kwa hiyo kuweka LM1875 mahali pa TDA2030 kunawezekana. Kinyume chake kunaweza kuunguza chipu mara moja. Tena, mgongo wa chuma wa chipu hizo umeungana na mguu wa 3, upande wa hasi. Ampli ikiwa na umeme wa pande mbili (+ na −), lazima karatasi ya mika iwekwe kati ya mgongo huo na chuma cha kupoza.

Chipu yenye kubeba programu

Chipu kama 27C256, yenye kidirisha cha kioo juu, ni kumbukumbu. Mpya inakuja tupu: hata namba ikiwa ile ile, mashine haitawaka sawasawa mpaka programu ya zamani inakiliwe ndani. Nakala inachukuliwa mapema, wakati mashine ingali nzima, na kidirisha kinafunikwa kwa karatasi ya kubandika, sababu mwangaza wa jua unaweza kufuta programu polepole.

Kujihazari na bandia

Kuna wauzaji wanaokwangua chipu za bei ndogo na kuandika juu yake jina la chipu adimu. Pamba yenye asetoni inasaidia: maandishi yakifutika kirahisi, au rangi nyeusi ikitoka, kuna mashaka. Kuzipata kwenye kadi za mashine zilizokufa kunabaki njia nzuri, ila fundi azitoe bila kuzichoma kwa joto kali. Kwenye kadi inayotengenezwa, ni vizuri kuweka soketi, ili siku ingine chipu itolewe bila kugusa risasi.

Radio yenye mashine za zamani inafanya vizuri kuandika ndani ya daftari namba za chipu zake zote, na kununua mbili-mbili za akiba, wakati mashine ingali inatoa sauti. Chipu ikishaungua, mara mingi maandishi yake nayo hayasomeki tena.