Mbuga, Ukingo na Uwanda: Majina ya Ardhi ya Maji kutoka Bagamoyo hadi Msimbazi

Katika miaka ya karibuni watafsiri na maofisa wa mipango miji wamekabiliwa na dhana nyingi mpya zihusuzo uteuzi wa viwanja: majengo yaitwayo ya kijani, ardhi iliyoachwa na viwanda, na nchi tambarare zifurikwazo na mito. Nyingi zimetafsiriwa neno kwa neno. Katika makala hii twakusudia kuonyesha, kwa mifano ya pwani yetu, kwamba Kiswahili kilikuwa na majina ya ardhi za namna hii, na kwamba jina lisilo wazi huweza kumwelekeza mjenzi mahali pasipofaa.

Tangu zamani maji ndiyo yaliyoamua wapi watu wa pwani hii wajenge. Kaole, yenye masalia ya msikiti wa karne ya 13, ilikuwa bandari. Leo mikoko imeitenga na bahari. Bagamoyo, jirani yake, ilifanywa makao makuu na Wajerumani, lakini mwaka 1891 makao hayo yalihamishiwa Dar es Salaam, kwa kuwa maji ya Bagamoyo ni ya kina kifupi na meli kubwa hazikuweza kuukaribia ufuko. Kaskazini ya mji, kuelekea mlango wa Mto Ruvu, yapo majaruba ya chumvi ya Nunge. Hiyo ni ardhi ya kiwanda na ardhi ya maji kwa pamoja. Mgeni aitazamaye wakati wa kiangazi aweza kuiita kiwanja kitupu, naye mwenyeji ajua kwamba bahari ina haki yake pale. Mwaka 2013, makubaliano ya kujenga bandari huko Mbegani yalipotiwa saini, ardhi ya upande huu ilianza kutazamwa kwa jicho jingine. Jina la kuandikwa katika ramani si jambo la wanaisimu peke yao tena.

Tuchukue neno mbuga. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa udongo wa kituo cha Amani, Usambara, akiwamo Geoffrey Milne, walilichukua neno hilo kama lilivyo na kuliingiza katika maandishi yao ya Kiingereza. Walilitumia kutaja udongo mweusi wa mfinyanzi wa sehemu za chini, zinazojaa maji wakati wa mvua. Baadaye sisi wenyewe tulilipeleka neno hilo kwa wanyama wa porini, hata mwanafunzi wa leo akisikia mbuga huwaza simba na twiga. Hivyo wageni walikopa kwetu neno la ardhi ya maji, nasi tukaisahau maana yake.

Neno la pili ni ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, yazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo za mito na fukwe ndani ya mita 60. Lakini ukingo ni upi? Mto wenye genge huonyesha ukingo wake waziwazi. Penye nchi tambarare, ukingo wa kiangazi si ukingo wa masika, na mita 60 zilizopimwa mwezi Agosti huweza kuwa chini ya maji mwezi Aprili.

Ushahidi twaupata Dar es Salaam, katika bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na kaya nyingi zilihamishiwa Mabwepande, kaskazini ya jiji. Hata hivyo karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, na baada ya huduma kuanza mwaka 2016 ilivamiwa na maji mara kadhaa. Jina Jangwani humfanya msikilizaji wa leo afikirie ukame, kumbe mto hupita papo hapo.

Kuhusu jengo la kijani, twaona kwamba neno hilo lataja rangi na kuficha wajibu. Jengo laweza kuokoa umeme na kukusanya maji ya mvua, nalo limesimama katika njia ya mto. Tungependelea jengo hifadhi, yaani jengo lihifadhilo mazingira, ili kiwanja nacho kiulizwe. Wala hatusemi kwamba ardhi iliyoachwa na viwanda haifai. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, Rene Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje katika machimbo ya mawe ya saruji, na leo pana msitu. Ardhi ya namna hiyo twaweza kuiita ardhi fufuliwa, ilimradi kwanza imechunguzwa udongo wake na maji yake.

Basi twapendekeza uwanda wa mafuriko kwa nchi tambarare ambayo mto huifunika unapofurika. Bonde libaki kwa nchi iliyo kati ya miinuko. Na ukingo ufafanuliwe katika kila hati kuwa ni wa masika au wa kiangazi. Twawaomba walimu wa Bagamoyo, Kunduchi na Saadani wawaulize wazee majina ya sehemu zijaazo maji, wayaandike na kuyaleta. Jina moja la mzee, likiandikwa mapema katika ramani, laweza kuokoa nyumba nyingi.