Askari na Mpagazi: Kumbukumbu Mbili za Dar es Salaam

Asiye na kazi hana haraka, na asiye na haraka huuona mji. Nilipofika Dar es Salaam kutafuta kazi, asubuhi nilizunguka maofisini nikijibiwa nije kesho. Alasiri nilipumzika katika Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wadachi mwaka 1893.

Kutoka hapo niliifuata Barabara ya Samora mpaka kwenye sanamu ya Askari. Wadachi walikuwa wamesimamisha mjini humu sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916, nayo ikaondolewa. Mwaka 1927 ikazinduliwa hii ya Mwafrika mwenye bunduki. Maandishi yaliyo chini yake, ya Kiswahili yakiwa miongoni mwao, huwataja askari na wapagazi pia. Lakini aliye juu ni askari peke yake, wala hapana jina la marehemu hata mmoja.

Katika vita vya 1914 hadi 1918 chakula na risasi vilichukuliwa vichwani, maana mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi.

Basi, mpagazi akumbukwa wapi? Jibu nililipata nilipovuka uwanja wa Mnazi Mmoja, uliowatenga wenyeji na wageni zama za ukoloni, nikaingia Kariakoo. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps, nacho kilipiga kambi hapa. Katika neno la pili Mwingereza hazitamki herufi tatu za mwisho, bali huirefusha vokali. Wenyeji walisikia sawasawa, wakasema koo. Nairobi nako uko mtaa ambao jina lake lina asili hiyo hiyo.

Siku ile mfanyabiashara mmoja sokoni aliniita nimchukulie gunia la mchele hadi garini. Huo ulikuwa ujira wangu wa kwanza mjini, nao niliupata kwa kazi ileile iliyoupa mtaa jina lake.

Sanamu husimamishwa na mtawala, na mtawala mwingine aweza kuiondoa. Jina hudumu vinywani mwa watu, hata wasiojua kwamba wanawataja wafu. Atakaye kuandika historia ya wale wasioacha maandishi, na aanze kwa kuyauliza majina ya mitaa.